Masika ya Kumngoja Mikayi

Kosele, Alhamisi 9 Machi 1995

Nimefika. Mkuu wa shule yangu kule Rongo amenipa likizo ya muhula mzima, jambo ambalo hatalirudia, kwa hiyo nisipotoka hapa na kitabu sitakuwa nacho tena. Nimepewa nusu ya nyumba ya msonge ambayo Mwalimu Obare aliijengea washairi. Nusu nyingine, upande wa pili wa pazia, yuko Stanley Gisiri kutoka Isebania. Anakoroma.

10 Machi

Uji, kisha hadithi. Chai, kisha hadithi. Sijaandika.

12 Machi

Leo Mwalimu Obare ametuita mimi na Stanley chini ya paa la mbele ya nyumba yake kuzungumzia diwani. Kila anayesikiliza kipindi cha mashairi redioni analijua jina la Obare. Amestaafu ualimu, mvi zimemjaa, ana sauti ya kuhutubia uwanja hata anapoomba chumvi. Mhariri wa Nairobi, Bwana Nyabuto, amekubali kuchapa mashairi yetu watatu katika kitabu kimoja, kwa masharti mawili: yamfikie kabla ya mwisho wa Mei, na shairi la kufungua kitabu liwe la Obare. Jina la Obare ndilo litakalouza. Mimi na Stanley ni mizigo ya juu ya basi.

Yangu yako tayari. Yalikuwa tayari hata kabla sijafunga sanduku. Nikamwomba yeye alete lake tupange.

"Nyar Kisii," akasema (ndivyo anavyoniita, binti wa Kisii), "usinikimbize. Mkubwa anafungua, wadogo wanafuata. Hapa haturuki mtu."

"Sikuruki, Mwalimu. Nauliza tu lini."

"Likija, litakuja."

Miaka yote hii mashairi yangu yanasomwa redioni, na mtangazaji akishasoma yamekwenda na upepo. Mama yangu hajawahi kushika hata moja mkononi. Nataka kitu cha kushikwa. Hilo tu ndilo lililonileta.

15 Machi

Mvua! Imepiga tangu alfajiri, udongo mweusi umelainika mpaka unanukia. Sisi Wakisii hatuwezi kuitazama mvua ya kwanza ikianguka juu ya ardhi tupu. Ni kama kumtazama mtoto analia. Nilikuwa na maharage kwenye kopo, zawadi ya mama kwa wenyeji. Mvua ilipotulia nikaazima jembe, nikalima kipande kidogo nyuma ya msonge na kupanda. Nimejisikia vizuri kuliko siku zote nilizokaa hapa.

16 Machi

Sitasahau asubuhi ya leo. Nimeamshwa na kelele za Scovia, mke mdogo wa Mwalimu, amesimama kwenye kipande changu akiwa ameshika kichwa.

"Yawa! Mwalimu Kezia, umetuua! Nani alikuambia upande?"

"Maharage kidogo tu, dada."

"Mikayi hajapanda! Mimi nimekaa na jembe mlangoni, sijapanda. Wewe mgeni unapanda?"

Mikayi ni mke wa kwanza. Katika boma la Mjaluo, nimefundishwa leo kwa sauti ya juu, mikayi ndiye anayetoa mbegu. Yeye hupanda kwanza, angalau mashimo machache, kisha mke anayemfuata, kisha wana na wake zao. Akirukwa inaingia chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira hula watoto. Nikauliza huyo mikayi yuko wapi basi, atoke apande. Yuko Masara kwa binti yake aliyejifungua. Tangu lini? Tangu Januari. Mtoto gani huyo asiyemaliza kuzaliwa?

Scovia akapiga magoti na kufukua mbegu zangu moja moja kwa vidole. Zilizompita nadhani kuku wamezimaliza. Stanley alikuwa mlangoni na kikombe chake, anacheka. Mwalimu Obare alitoka, akageuza uso huku na huku, akauliza, "Nani huyo analia?" ilhali Scovia alikuwa mbele yake pale pale. Kisha akarudi ndani bila kuamua lolote.

Huyu Scovia ana ulimi mkali na mikono mvivu. Anakaa kutwa nzima mlangoni.

17 Machi

Mvua. Hakuna aliyelima.

18 Machi

Mvua. Mwalimu amesimulia jinsi alivyomshinda mshairi mmoja wa pwani kwa malumbano mwaka wa themanini na mbili. Mara ya tatu hii.

22 Machi

Nimekwenda sokoni Kosele. Njia nzima watu wameinama mashambani, kina mama wanapokezana mbegu na vicheko. Boma letu peke yake limekaa kavu na mvua yote hii. Na wote hapa ni watu wa kanisa! Mwalimu na Scovia ni Wakatoliki wa mstari wa mbele, huyo mikayi naambiwa ni Msabato kama mimi. Nilimwambia Scovia kwamba Mungu hana mikayi. Akaniambia Mungu hana watoto watatu wa kulisha. Tumenuniana.

25 Machi

Ugomvi na Stanley kuhusu mashairi huru. Yeye anasema vina ni pingu. Nikamwambia mtu asiyejua kutembea asilaumu viatu. Akaniambia angalau yeye hajapanda maharage. Alikuwa na ng'ombe wa kuwachekea kwao, kwa nini hakubaki nao?

Lakini nikiri: shairi lake kuhusu mamake anayevuka mpaka kila Jumanne kuuza mtama ni zuri. Sikumwambia.

31 Machi

Tumetoka Mbita. Shule moja ya sekondari ilimwalika Mwalimu Obare asome mashairi, naye akatubeba. Wanafunzi walipanga viti mpaka nje, upepo wa ziwa unapeperusha pazia, mkuu wa shule amevaa tai. Mwalimu akasimama, akapokea makofi, akafungua kitabu chake mwenyewe. Kisha akaninyooshea kile kitabu. "Nyar Kisii, soma wewe, niwasikilizishe watoto lafudhi nzuri."

Nikasoma. Kurasa na kurasa za Obare, kwa sauti ya Kezia Mong'ina. Watoto wakashangilia Obare. Wakati wa yangu ukafika, kengele ya chakula ikalia, na kwa samaki wa Mbita hakuna mwanafunzi anayengoja ushairi. Nilikula kwa hasira. Mwalimu alimwaga chai juu ya meza ya mkuu wa shule, akacheka kama mtu asiye na shida yoyote duniani.

Huyu mzee ameshiba sifa mpaka hawezi kuandika tena. Wageni, safari, makofi. Sisi wengine tutazeeka tukimngoja.

4 Aprili

Nimeuliza: lini? "Likija, litakuja."

8 Aprili

Mvua. Mahindi ya jirani yamenifika magotini. Yetu hayapo.

11 Aprili

Nilimwambia Stanley tupeleke mashairi yetu wawili bila mzee. Alinitazama kama niliyemtusi babake. "Sisi Wakuria pia tuna wakubwa," akasema. Kumbe mtu anayevunja vina hathubutu kuvunja foleni.

Nimeona jambo. Scovia hakai mlangoni kwa uvivu. Jembe liko ndani mwake, limenolewa. Kila mvua ikianza anatoka, anatazama njia ya Oyugis kama mikayi anakuja, anarudi. Leo amekopa unga kwa jirani mbele yangu, na jirani akamwambia, "Ninyi hamlimi, mnalisha washairi." Scovia aliniangalia, akafunga unga wake. Angenitukana ningepumua.

15 Aprili

Hapa mlo umekuwa mmoja. Uji tumeambiwa "umechelewa". Mgeni aje mwenyeji apone. Hapa wageni walikuja, mwenyeji akakimbilia Masara.

20 Aprili

Nimeamua kwenda kumleta huyo mikayi mwenyewe, nikimbeba mgongoni ikibidi. Nilimwambia Scovia tu. Akanifungia viazi vitamu viwili kwenye kitambaa. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka pamoja.

Masara, Jumapili 23 Aprili

Masara ni mashimo na vumbi hata wakati wa mvua. Wanaume wanapanda kutoka chini ya ardhi wamepakwa udongo mpaka kope, wanawake wanasaga mawe na kuyaosha kwenye karai wakitafuta chembe ya dhahabu. Binti wa Mwalimu, Liz, ana hoteli ya mabati hapo, anauza chapati na maharage. Mikayi nilimkuta nyuma, anakanda unga, mjukuu mgongoni. Mwanamke mrefu, miwani imefungwa kwa uzi. Jina lake Risper.

Hata sijajitambulisha, akasema: "Wewe ndiye uliyepanda maharage."

Nikataka ardhi ya Masara inimeze, na mashimo yapo ya kutosha.

Nikamweleza yote: shamba tupu, watoto wa Scovia, kitabu, mwisho wa Mei. Nikasema kwa heshima yote, mama, mtoto huyu sasa ana meno, rudi nyumbani. Akaendelea kukanda.

"Anakuambia shairi litakuja, eh?"

"Kila siku, mama."

"Halitakuja. Ataliandika na nini? Macho yake yamekwisha. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Anakuona wewe kama moshi."

Nilikaa chini juu ya gunia. Kitabu kilichofunguliwa Mbita, chai ya mkuu wa shule, "nani huyo analia" — vyote vilinipita mbele ya macho yangu yanayoona vizuri kabisa.

"Yale mashairi yake ya juzijuzi ya redioni," akasema, "niliyaandika mimi. Hapana, usinielewe vibaya. Kutunga ni kwake. Anatembeza maneno chumbani, mimi naandika, mimi nahesabu mizani, mimi namsomea mpaka aridhike. Mimi nilikuwa mwalimu kabla hajanioa. Hatukumwambia mtu, kwa sababu anaona haya."

"Sasa imekuwaje?"

"Desemba mlikuja Homa Bay kwa mkutano wenu wa waandishi. Wewe ulikuwa?"

Sikuwa. Namshukuru Mungu sikuwa.

"Akasimama kushukuru. Akamshukuru diwani wa mtaa. Akamshukuru mwenye viti. Akamshukuru mtu aliyeleta jenereta, na jenereta haikuwaka. Halafu akasema, 'Na wake zangu, kwa chai.'" Akaupiga unga kwa ngumi. "Kwa chai, Kezia! Mimi sikutaka aseme nimetunga. Angesema tu, mkono ni wa Risper. Maneno manne. Mshairi amekosa maneno manne?"

Nilimwambia nitampelekea Mwalimu ujumbe wake. Akakataa. "Mimi sirudishwi na mjumbe. Aje mwenyewe."

"Mama, haoni. Atafikaje?"

"Hilo si shauri langu."

Kosele, 25 Aprili

Nimemwambia. Nilimtuma Stanley sokoni kwanza, nikakaa na mzee peke yetu, nikasema: "Mama Liz anasema uende mwenyewe. Na nimejua kuhusu macho."

Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu Machi, nimeyanoa kama jembe la Scovia. Nikamtazama akipapasa kiti kutafuta fimbo yake iliyokuwa mapajani, nikakosa hata neno moja. Hilo nalo liliniudhi. Mwezi mmoja na nusu wa hasira, na siku ya kuitumia mtu ananigeukia kuwa mzee.

"Mwalimu gani haoni ubao?" akasema. "Mngekuja hapa kwa nani?"

"Tungekuja kwako. Ungetuambia tu, tungeandika. Tuko wawili hapa, tunajua kuandika, hatuna kazi nyingine."

"Huo mkono si wenu," akasema.

Scovia alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Sijui alisikia tangu wapi. Akaingia, akamshikisha fimbo, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Baba, inuka. Mimi nitakushika mkono. Twende kwa mikayi."

26 Aprili

Wameondoka asubuhi. Mke mdogo amemshika mume mkono akimpeleka kumbembeleza mke mkubwa, ili naye apate kupanda. Nilisimama langoni mpaka walipopotea kwenye kona. Watoto wameachiwa mimi na Stanley. Yeye anapika ugali kama anayechanganya saruji.

Ijumaa 28 Aprili

Wamerudi, WATATU! Risper mbele, Mwalimu katikati, Scovia nyuma na mizigo kichwani. Yaliyosemwa Masara hawakusimulia. Scovia alininong'oneza tu kwamba mzee alipiga magoti kwenye tope mbele ya wachimba dhahabu wote, na wakamshangilia.

Sasa tupande!

29 Aprili

Hatupandi. Ni Sabato. Na mimi ni Msabato, kwa hiyo sina la kusema. Mvua nzuri sana imenyesha.

30 Aprili

Hatupandi. Ni Jumapili, Scovia na Mwalimu wako misani. Mvua nzuri sana imenyesha.

1 Mei

Risper ametoka alfajiri na jembe. Amechimba mashimo matatu, akatia mtama, akafunika kwa mguu, akanyoosha mgongo. Basi. Matatu! Kwa hayo tumefunga mikanda tangu Machi. Alipogeuka tu, Scovia alikuwa shambani mwake anachimba bila kuinua kichwa, nasi sote tukaingia, hata Stanley, mpaka giza. Mikono yangu imetoka malengelenge, kalamu naishika kwa shida. Mama mmoja wa jirani alipita akasema mtama huu utavunwa na ndege kwa jinsi ulivyochelewa. Scovia aliendelea kufukia. Alijua.

2 Mei

Usingizi.

4 Mei

Baada ya chai Mwalimu aliita karatasi. Risper akasema wazi mbele yetu: "Mimi nimepanda. Kuandika, aandike mwingine." Akaenda kukaa nje ukutani kuchambua mboga. Basi nikashika kalamu mimi.

Mwalimu akasimama katikati ya chumba, akaanza kutembea, mkono mmoja ukutani. Na sauti iliyotoka haikuwa ile ya uwanjani. Ilikuwa ndogo.

Mama Lizi umerudi, jembe lapata mkono,
Nilifanya ukaidi, nikayameza maneno,
Giza lilipozidi, sikuomba hata wino…

"Imepungua mizani," sauti ya Risper ikaingia dirishani.

Mzee akasimama. "Wapi?"

"Giza lilipozidi. Lilimzidi nani? Majirani?"

Stanley akatazama miguu yake. Nami kalamu yangu ilikuwa hewani, wino unakauka.

"Liliponizidi," akasema Mwalimu.

"Sasa imetimia," akasema Risper, akaendelea na mboga.

Giza liliponizidi, sikuomba hata wino,
Bila wewe hakitoki, kitabu wala mavuno.

Ubeti mmoja. Mwalimu akasema huo unatosha, hana zaidi. Nimeuandika kwa mkono wangu na kuusoma mara nyingi nikitafuta kosa. Nina mashairi thelathini na mawili kwenye sanduku, yote yametimia vina na mizani, na hakuna hata moja lililonigharimu kupiga magoti popote. Nimekasirika mpaka machozi yamenitoka. Mtu anakupotezea masika nzima, halafu kwa dakika chache anakushinda.

5 Mei

Jalada. Nilidhani hilo ni jambo la kunywea chai na kumaliza. Nikaandika "Obare", nikangoja kuandika "Mong'ina".

"Futa," akasema Mwalimu. "Anza na Risper."

Risper akacheka, kisha akaona hatanii, akavua miwani akaifuta. Stanley akauliza sisi je. Mikayi akaivaa miwani yake na kutupanga kama anavyopanga watu wa boma lake: yeye, Mwalimu, kisha Stanley kwa sababu alianza kuja hapa mwaka juzi, kisha mimi.

"Kezia, una neno?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo mengi sana. Nikaandika.

14 Mei

Mtama umechomoza. Scovia ameniita nije kuuona, nikaenda. Ni mfupi, wa jirani unakaribia kutoa masuke.

22 Mei

Nimepiga taipu yote katika ofisi ya parokia, kidole kwa kidole, ubeti kwa ubeti, wa Stanley pia. Yeye alinisomea. Nikamwambia lile la mamake ni zuri. Akaniuliza kwa nini sikusema Machi.

Nairobi, Jumatatu 29 Mei

Nimefika ofisini kwa Bwana Nyabuto nimevaa viatu vinavyonibana. Ni mtu mdogo, mweupe wa nywele, meza yake imejaa karatasi mpaka amebaki mabega. Hakuniambia niketi. Akachukua bahasha, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma ule ubeti. Akausoma tena. Akavuta pumzi.

"Tunachapa," akasema. "Kwa huu tu, tunachapa. Huyu Risper ni nani?"

"Ni mke wake."

"Mungu wangu." Akafunua kurasa zilizofuata bila kusoma, mashairi ya Stanley, mashairi yangu, miaka yangu yote ikipita chini ya kidole gumba chake. Akapendezwa na jinsi kazi ilivyokuwa safi, haina kufutwafutwa. Akainua uso, akanitabasamia kwa wema kabisa.

"Na wewe mama, ndiwe uliyetupigia taipu?"

Nilimwona Risper akilini, nyuma ya hoteli ya mabati, ngumi ndani ya unga. Nilielewa kwa nini mtu huacha shamba lake na mvua inakuja.

Nikazunguka meza ya Bwana Nyabuto, nikarudisha karatasi mpaka jaladani, nikaweka kidole pale chini, juu ya jina la nne, na sikukiondoa mpaka alipolisoma kwa sauti.